Bastola ya Mzee Kabiru na Sajini wa Laini Saba

Msomaji mmoja wa Riruta ameniandikia barua ya kurasa mbili kunilaumu. Anasema si utu kumwacha mwanamume mzima amesimama mbele ya kaunta ya duka la bunduki, jasho likimtoka puani, kwa siku saba. Nimekubali kosa. Haya, tumpe Nashon kitambaa ajifute, tuendelee.

Kwa wale mliofungia nyama gazeti la wiki jana kabla ya kulisoma, hali ni hii. Nashon Odero ni fundi wa viatu, na kibanda chake kiko Laini Saba, kando ya reli. Mzee Kabiru ni mwenye ploti kadhaa Kawangware. Ameibiwa mara mbili mlangoni pake, na mara ya pili walimvua hata viatu. Baada ya kumzungusha mwaka mzima, polisi wamempa leseni. Anataka bastola ya mtindo wa zamani, ya chuma na mbao, isiyokwama, ya kutembea nayo kila siku, na ambayo haitamlazimu kuuza ng'ombe.

Mzee hajui bunduki. Lakini siku moja, Nashon akimpigilia soli, alimsikia akisema kwamba alifanya kazi na jeshi pale kambi ya Lang'ata miaka tisa. Maneno hayo ni kweli tupu. Ambacho mzee hakuuliza, na Nashon hakusema, ni kwamba miaka hiyo yote aliimaliza katika chumba kimoja nyuma ya stoo, akishona buti, mikanda na ala za bastola, yaani zile nyumba za ngozi ambazo maofisa huvaa kiunoni. Bastola zenyewe hazikuletwa kwake hata siku moja. Ala zilikuja zimechanika, zikarudi zimeshonwa.

Mzee alijazia yaliyobaki mwenyewe. Haikupita miezi miwili, watu wa Kongo, mtaa wa mzee pale Kawangware, walikuwa wakimwita Nashon Sajini, naye alikuwa akiitika.

Tena kuna chumba. Ni chumba cha mbele katika ploti ya mzee hapo Kongo, kinatazama barabara, kina mlango wa chuma na sakafu ya simiti. Mzee ameahidi kwamba akichaguliwa bastola nzuri, ufunguo wa chumba hicho ni wa Nashon. Na Nashon anakihitaji. Miaka sita amefanya kazi chini ya karatasi ya nailoni, na juzi vibanda vyote vya kando ya reli vilipakwa alama ya X nyekundu, vibomolewe kabla mwezi haujaisha. Akikosa chumba, yeye, Awiti mkewe na Celine mtoto wao watarudi nyumbani Siaya mikono mitupu.

Sasa turudi dukani. Muuzaji, Mama Katunge, mwanamke wa Kitui aliyelelewa na baba askari wa wanyamapori, amemsogezea Nashon bastola juu ya kaunta.

"Sajini," akasema, "hakikisha haina kitu ndani."

Mwanajeshi yeyote hufanya hivyo hata akiwa usingizini. Nashon hakujua hata pa kuanzia. Nyuma yake alisimama Mzee Kabiru katika koti lake la Jumapili. Nyuma ya mzee alisimama Thuo, mpwa wake, aliyewaleta mjini kwa pikapu. Thuo anakitaka chumba kile kile, aweke ukumbi wa video. Hakuwa akitazama bastola. Alikuwa akitazama mikono ya Nashon.

Nashon akaipeleka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Kwetu," akasema polepole, "anayetoa ndiye anafungua, mbele ya anayepokea. Mimi nikifungua, nitajuaje kama wewe unajua iko na nini?"

Katunge alimtazama usoni, kisha akamtazama kucha, ambazo zilikuwa nyeusi kwa rangi ya viatu. Akacheka kidogo kwa pua. Akaichukua bastola, akachomoa kasha la risasi, akavuta chuma cha juu nyuma na kumwonyesha mzee tundu tupu. Alisema hiyo ni desturi nzuri, ingawa askari wazuri huangalia wote wawili. Mzee alimgeukia mpwa wake, akamwambia hiyo ndiyo nidhamu, ajifunze.

Bastola zilikuwa tatu. Ya kwanza iling'aa mpaka mzee akajiona ndani yake. Akaipenda papo hapo. Alisema mwizi akiiona tu, ataenda kuokoka.

Nashon akainama. Hakugusa. Alimwomba Katunge aigeuze upande huu, kisha upande ule, kama anavyofanya katika soko la Toi akikagua viatu vya mtumba kabla hajataja bei. Kuna vitu viwili hakuvipenda. Vichwa vya skrubu za kishikio vilikuwa vimelika, ishara kwamba mtu aliifungua mara nyingi kwa bisibisi isiyozifaa. Na chini ya ule mng'aro kulikuwa na vishimo vidogo vidogo kama vya ndui.

Vishimo hivyo alivijua kama anavyolijua jina lake. Yeye mwenyewe, Mungu amsamehe, amewahi kuchukua bizimu za mikanda zilizooza kwa kutu, akazisugua, akazipeleka Gikomba zikachovywe upya, akaziuza kama mpya.

"Hii ilikuwa na kutu," akasema. "Wameisugua, wakaipaka ngozi mpya. Na huko ndani imefunguliwa kila mara. Kitu kizima hakifunguliwi kila mara."

Katunge aliigeuza bastola mkononi. Kisha akasema kwamba ni kweli ilipakwa upya na mmiliki wake wa kwanza, na kwamba angewaambia, ila hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mzee akairudisha polepole, kwa uchungu wa mtu anayerudisha mahari.

Ya pili ilikuwa ndogo, ya kuingia mfuko wa shati. Hiyo haikuchukua muda. Mzee Kabiru alichimba misingi ya nyumba zake kwa mikono yake mwenyewe, na kidole chake hakikupita kwa urahisi pale pa kufyatulia. Kilipopita, hakikutoka, na Katunge akalazimika kukipaka mafuta.

Ya tatu mzee hakutaka hata kuletewa karibu. Ilikuwa ya zamani kweli, nyeusi iliyochujuka, kishikio cha mbao kimelambwa na mikono mpaka kikawa laini. Mdomoni na kwenye kingo rangi ilikuwa imeisha, chuma kikabaki cheupe. Mzee aliuliza kama hicho ni chuma au ni jembe la marehemu.

Lakini Nashon aliinama karibu zaidi. Michubuko ile aliijua. Miaka tisa aliishona kutoka upande wa pili, upande wa ngozi. Pale ndani ya ala panaposuguliwa na mdomo wa bastola, ndipo alipobandika viraka maelfu. Kwa mara ya kwanza tangu aingie dukani, hakuwa akidanganya.

"Hii imekaa ndani ya ngozi miaka mingi," akasema. "Inatolewa, inarudishwa. Nje imechoka. Ndani sidhani."

Katunge akachukua tochi, akammulikia mzee ndani ya mtutu. Mifereji ilikuwa safi, inazunguka vizuri mpaka mwisho. Akasema bastola hiyo ilikuwa ya meneja wa shamba moja huko juu, aliyeivaa kila siku miaka ishirini na kuipiga siku za mazoezi tu. Akaongeza kwamba ni ya aina iliyotengenezwa kwa wingi, spea hazikosekani, na haina mambo mengi ya kuharibika.

Mzee bado aliinunia. Macho yalimrudi kwenye ile ya kung'aa.

"Mzee," Nashon akamwambia, "kitu hiki utakibeba siku elfu. Kukipiga, Mungu akisaidia, hata siku moja isifike. Nunua ya kubeba. Hiyo nyingine ina pembe kila mahali. Itakula koti, itakula mbavu, na baada ya wiki mbili utaiacha nyumbani. Na siku utaiacha nyumbani ndio watakuja."

Mzee alijitazama miguuni, kwenye viatu vyake. Halafu akauliza bei ya hilo jembe.

Sitawachosha na habari za bei. Mjue tu kwamba mzee amenunua mbuzi katika soko la Dagoretti miaka thelathini, na alipatana bei ya bastola hiyo vivyo hivyo, akiipapasa kama anayetafuta mafuta mbavuni, akienda mpaka mlangoni na kurudi mara tatu. Walipokubaliana, aliomba nyongeza. Mzee Kabiru hajawahi kununua kitu bila nyongeza. Akinunua viazi huongezwa viwili, akinunua nyama huongezwa kipande cha ini. Sasa alitaka aongezwe risasi, hata kama ni tano tu.

Katunge alimweleza kwamba idadi ya risasi imeandikwa kwenye leseni, na kwamba akizidisha hata moja, wote wawili watakula ugali wa serikali. Mzee akasema hakuna biashara isiyo na nyongeza. Mwishowe alipewa kitambaa cha kusafishia na kichupa cha mafuta, akatoka ameridhika.

Walikuwa hawajafika Riruta, Thuo akiwa kwenye usukani, alipouliza kwa sauti ya mtu asiye na neno.

"Anko, umecheki kitu moja? Sajini hajashika chuma hata mara moja."

Nashon alijifanya anatazama barabara. Akajibu kwamba silaha ni ya mwenye leseni, na mwingine kuishika ovyo ni makosa. Mzee akapiga paja, akasema ameisikia sheria hiyo, na kwamba nchi hii ingekuwa mbali kama watu wote wangekuwa na adabu ya Sajini. Akamwagiza Nashon amshonee bastola nyumba yake, na Ijumaa akiileta, ufunguo utakuwa tayari. Thuo alicheka peke yake mpaka Kongo.

Siku mbili Nashon alishona. Alikuwa amemwambia mzee ailaze bastola juu ya karatasi ya kaki na kuichora mwenyewe kwa penseli, kwa hiyo hata hapo hakuigusa. Kutokana na mchoro huo alikata ngozi nzito ya ng'ombe, akatia uzi nta, akashona mishono midogo midogo iliyobanana. Mdomoni alitia ngozi maradufu, pale ambapo anajua ndipo huanza kuchanika. Ilikuwa ala nzuri kuliko zote alizowahi kushona. Zile nyingine zilikuwa za serikali.

Kando yake Awiti alikuwa akifuma sweta za shule kwa mashine yake. Awiti hakuupenda uongo huu tangu mwanzo, na alikuwa amemwambia mumewe mara nyingi kadiri sweta zilivyokuwa nyingi. Nashon alimjibu kila mara kwamba ufunguo uje kwanza, ukweli utafuata.

Alhamisi asubuhi alikuja Thuo. Akavuta stuli ya wateja, akavua kiatu cha kulia, akamkabidhi Nashon.

"Niaje sajini. Hii imeachia hapa kando."

Nashon akakishika kiatu, akaanza kushona. Thuo akamweleza, kwa upole kabisa, kwamba amekutana na msee mmoja anaitwa Wekulo, zamani alikuwa mtunza stoo pale Lang'ata. Alimnunulia pombe ya busaa, akamtajia Sajini Nashon Odero. Wekulo alicheka mpaka akamwaga busaa yenyewe. Alisema Sajini hamjui, ila Nashon wa Sindano anamkumbuka vizuri.

"Sitaki kukuharibia, manze," Thuo akasema. "Kesho anko akikupea kifunguo, mwambie Kawangware ni mbali. Room inarudi kwa familia, mimi nanyamaza. Ukiichukua, nabonga."

Nashon alikaza uzi. Alimaliza kukishona kiatu, akakishona vizuri kwa sababu kazi ni kazi, kisha akamtoza mara mbili. Thuo alilipa akitabasamu, akaondoka akifuata reli.

Awiti alikuwa amesikia yote. Alisimamisha mashine.

"Baba Celine, huo uongo ni wako," akasema. "Usikubali Thuo auuze. Enda umwambie mzee wewe mwenyewe. Akitunyima chumba, basi, tumekosa chumba. Lakini huyu akikushikia hapo, hata tukiwa Siaya atakuwa amekushika."

Nashon aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Haikuwa aibu ya kudanganya tu. Kuna jambo hakuwahi kumwambia hata mkewe, na mimi nawaambia nyinyi kwa siri. Alipenda kuitwa Sajini. Hapa Laini Saba watu humwita wewe wa viatu. Kule Kongo wazee wa ploti walikuwa wakimsogezea kiti.

Alimwahidi Awiti kwamba atasema. Usiku huo hakula vizuri, na Awiti hakumlazimisha.

Ijumaa saa nane mchana alikuwa sebuleni kwa Mzee Kabiru, ala imefungwa kwenye gazeti. Mama Wamucii, mke wa mzee, alileta chai. Mama huyo alikuwa ameikubali bastola nyumbani mwake kwa sharti moja: risasi zikae kwenye sanduku lake la bati, pamoja na nguo zake za harusi, na ufunguo shingoni mwake. Alimweleza Nashon mpango huo akimimina chai.

"Bastola ni yake," akasema. "Risasi ni zangu."

Mzee akaivaa ala, akatia bastola tupu, akafunga koti. Akatembea mpaka getini na kurudi. Akaketi, akasimama, akainama kama anayefunga kamba. Ilikaa kimya, haikuvuta suruali, haikumchoma ubavu. Akamuuliza mkewe kama kuna kitu kinaonekana. Mama Wamucii akasema kinachoonekana ni tumbo, na hilo hata polisi wanalijua. Kisha akarudi jikoni.

Mzee alifurahi kama mtoto. Aliichomoa bastola, akailaza juu ya kitambaa cha meza, akaingiza mkono mfukoni, akaweka ufunguo katika kiganja cha Nashon. Ulikuwa ufunguo mrefu wa kufuli kubwa, bado na mafuta ya dukani.

Wasomaji, nawaambia kweli, mimi ningeufunga mkono na kwenda zangu. Nashon naye nusura. Alikitazama kiganja, akaliona duka, rafu za viatu, mashine ya Awiti karibu na dirisha. Halafu akasema.

"Mzee, kabla sijafunga hiki kiganja. Mimi si sajini. Sijakuwa hata kuruta. Pale Lang'ata nilikuwa nashona tu. Bastola sijashika tangu nizaliwe. Hata hiyo yako nimeichagua kwa mikwaruzo ya ngozi."

Alingoja matusi. Alingoja kuonyeshwa mlango. Mzee aliketi chini polepole, akafumba macho, na alipoyafumbua sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hayo maneno umeambia nani?"

"Mama Celine anajua. Na pia..."

Mzee hakungoja amalize. Aliinuka, akafungua kabati la vikombe, akatoa karatasi kutoka chini ya sahani za wageni. Ilikuwa nakala ya fomu aliyoipeleka polisi alipokuwa akiomba leseni. Akaweka kidole mahali fulani. Fomu ilikuwa imeuliza ni nani atakayemfundisha mwombaji kutumia silaha. Mzee alikuwa amejibu kwa mwandiko wake mwenyewe, herufi kubwa: Sajini Mstaafu Nashon Odero, miaka tisa jeshini.

Chini yake ilikuwa sahihi yake. Chini ya sahihi kulikuwa na maneno ya kumtisha yeyote atakayeandika uongo, na maneno hayo yalitaja jela.

"Mimi ni mzee wa kanisa," Kabiru akasema. "Na nilitia sahihi. Kesho saa nne kuna inspekta anakuja hapa, anaitwa Nereah. Anakuja kuona mahali naweka bastola, na aone sajini akinifundisha. Wanasema huyo mama hajawahi kucheka. Sasa nisikize vizuri. Hiyo maneno yako imeze. Kuanzia leo wewe ni sajini, upende usipende."

Mnaona mambo? Mtu ametembea kutoka Laini Saba mpaka Kawangware kuutua uongo wake, na amerudishiwa ukiwa na muhuri wa serikali.

Ndipo pazia la mlangoni liliposogea, Thuo akaingia. Alikuwa nyuma ya pazia muda wote. Hakuwa na haraka.

"Anko, nimeskia yote," akasema. "Hiyo room ya mbele bado naitaka. Mnipee leo, ama kesho mimi ndio nitamfungulia inspekta geti, na nimwonyeshe mahali pa kuanzia."

Mzee alimtazama mpwa wake. Halafu akamgeukia Nashon, akanyoosha mkono.

"Sajini, nipe hiyo funguo. Tutaongea mambo ya chumba kingine baadaye."

Nashon aliutazama mkono huo. Akamkumbuka Awiti na mashine yake iliyosimama. Akakumbuka ile X nyekundu. Hasira ilimpanda, hasira ya mtu aliyesema ukweli mara moja tu na kutozwa kwa ajili yake.

"Hapana," akasema.

Mzee akaushusha mkono.

"Mzee, kesho saa nne utahitaji nani hapa? Mwenye video, ama sajini? Bila mimi hiyo fomu ni uongo mtupu. Nikiwa hapa, ni kweli mpaka mtu athibitishe mengine." Kisha akamgeukia Thuo. "Na wewe. Ukimpeleka anko wako jela, ploti itabaki na nani? Hicho chumba utaomba nani? Mama Wamucii?"

Jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka. Wote watatu wanajua Mama Wamucii anavyowaza kuhusu video: kwamba ni shetani aliyetiwa waya. Thuo alirudi nyuma hatua moja. Akatazama jikoni, akamtazama anko wake, akajikuna shingo.

Nashon akautia ufunguo katika mfuko wa shati na kufunga kifungo. Hata yeye hakujua ile sauti ilitoka wapi.

"Thuo, funga mlango. Mzee, simama wima, mikono chini. Tutarudia mazoezi mara hamsini mpaka kesho, na huyu atasimama hapo akituhesabia."

Mzee Kabiru, mwenye ploti, mzee wa kanisa, akasimama wima. Thuo akafunga mlango.

Nashon akanyoosha mkono kuelekea bastola pale mezani. Miaka tisa alizishonea nyumba zao, na leo ndiyo mara ya kwanza anaishika moja. Ilikuwa nzito kuliko alivyofikiria, na baridi. Kidole chake hakikujua pa kukaa, akakinyoosha pembeni. Alijaribu kukumbuka Katunge alichomoa nini kwanza, kasha au kile chuma cha juu.

Hapo sauti ya Mama Wamucii ikatoka jikoni, kwenye dirisha linalotazama geti.

"Baba, kuna mama hapa nje amevaa nguo za polisi. Anasema kesho anasafiri kwa mazishi, kwa hivyo ameamua kuja leo." Akachungulia tena dirishani. "Na anauliza sajini ni yupi."